Chris Barnard, mpasuaji aliyehamisha moyo wa binadamu

USIKU wa kuamkia Jumapili, Desemba 3, 1967, katika Hospitali ya Groote Schuur jijini Cape Town, moyo wa msichana aliyegongwa na gari ulitolewa kifuani mwake na kutiwa katika kifua cha mwanamume aliyekuwa akisubiri kufa. Kulipopambazuka, jina la Christiaan Barnard, ambalo wachache tu walilifahamu nje ya Afrika Kusini, lilianza kutajwa kote ulimwenguni.

Barnard alizaliwa Novemba 8, 1922 katika mji mdogo wa Beaufort West, kwenye nyika kame ya Karoo. Babake, Adam, alikuwa mhubiri wa kanisa la kimishenari lililowahudumia watu walioitwa machotara, na familia yake haikuwa na mali. Ndugu yake mmoja, Abraham, alifariki angali mtoto kutokana na maradhi ya moyo.

Alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Cape Town na kuwatibu wagonjwa kwa muda katika mji wa Ceres. Katikati ya miaka ya hamsini alielekea Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, alikojifunza upasuaji wa moyo. Aliporejea nyumbani mnamo 1958, alipata mashine ya kufanya kazi ya moyo na mapafu wakati mgonjwa akipasuliwa.

Haki ni haki: ufundi huo haukuwa wake peke yake. Norman Shumway na Richard Lower, Wamarekani, walikuwa wamewafanyia mbwa majaribio kwa miaka mingi, na wengi walitarajia kwamba Shumway ndiye angetangulia.

Mgonjwa wa Barnard alikuwa Louis Washkansky, mwenye duka la vyakula, aliyeugua kisukari na ambaye moyo wake ulikuwa umechakaa kabisa. Alasiri ya Desemba 2, Denise Darvall, mwenye umri wa miaka 25, aligongwa na gari akivuka barabara pamoja na mamake baada ya kununua keki. Mama alikufa papo hapo. Denise alifikishwa hospitalini akiwa na majeraha ya ubongo yasiyoweza kutibika.

Ndipo madaktari wakamwendea Edward Darvall, ambaye saa chache kabla alikuwa na mke na binti, wakamwomba idhini ya kuchukua moyo na figo za bintiye. Inasimuliwa kwamba alitafakari kwa dakika nne tu kisha akakubali. Dunia ilimshangilia Barnard. Sidhani wengi walikumbuka kumpa mkono mzee huyo.

Lakini je, mtu amekufa lini? Swali hilo liliwatatiza madaktari na mahakimu kwa pamoja, kwani mashine ya kupumulia iliweza kuuendesha mwili ambao ubongo wake umekwisha kufa. Kundi la Barnard lilizima mashine na kusubiri moyo wa Denise usimame. Ilikuwa Agosti 1968 ambapo kamati ya Chuo Kikuu cha Harvard ilipendekeza kifo cha ubongo kitambuliwe kuwa kifo kamili.

Washkansky aliishi siku 18. Moyo mpya haukumwangusha. Dawa alizopewa ili mwili wake usiukatae moyo huo zilidhoofisha kinga yake, naye akafa kwa homa ya mapafu Desemba 21.

Figo moja ya Denise ilipewa Jonathan van Wyk, mvulana wa miaka 10 aliyehesabiwa na sheria za nchi hiyo kuwa chotara. Baadhi ya Wazungu walinung'unika. Mnamo Januari 2, 1968 mambo yaligeuka: daktari wa meno Philip Blaiberg, Mzungu, alipewa moyo wa Clive Haupt, kijana chotara. Alikuwa akiishi na moyo wa mtu ambaye sheria haikumruhusu kuketi naye kwenye benchi moja. Blaiberg aliishi zaidi ya miezi 19.

Mwaka huo hospitali nyingi ziliiga kwa pupa, na zaidi ya mioyo 100 ikapandikizwa. Wagonjwa wengi walifariki upesi, hospitali hizo zikaacha. Barnard hakuacha. Dirk van Zyl, aliyempasua 1971, aliishi miaka 23. Matumaini ya kweli yalifika katika miaka ya themanini kwa dawa ya saiklosporini, iliyouzuia mwili kukataa kiungo kigeni bila kuuvua kinga yote.

Umaarufu ulimlevya Barnard. Alioa na kuachana mara tatu, na 1986 akajiingiza katika kuuza mafuta ya kuondoa makunyanzi, jambo lililowaudhi madaktari wenzake. Baridi yabisi iliyoshika vidole vyake ndiyo iliyomstaafisha 1983.

Baadaye ilisemekana kuwa Hamilton Naki, Mwafrika aliyeanza kazi chuoni akiwa mtunza bustani, ndiye aliyeutoa moyo wa Denise. Si kweli, hakuwamo chumbani usiku huo. Kweli ni kwamba alipasua wanyama maabarani kwa ustadi mkubwa na kuwafunza madaktari wengi, huku sheria za ubaguzi zikimzuia kusomea kazi hiyo.

Barnard alifariki kwa pumu Septemba 2, 2001, akiwa likizoni Paphos, Cyprus. Chumba alichofanyia upasuaji ule sasa ni makumbusho, na humo Denise Darvall pia anakumbukwa.