John Snow: daktari aliyefundisha kulinda pumzi ya mgonjwa usingizini

Mzazi akiambiwa kwamba mtoto wake atafanyiwa upasuaji wa tumbo kwa matundu madogo, mara nyingi haogopi kisu. Anaogopa dawa ya usingizi. Awe anatoka Nyakato hapa Musoma, Bunda au Butiama, anachotaka kujua ni kama mtoto ataamka. Wiki hii nalijibu swali hilo kwa kusimulia maisha ya daktari Mwingereza, John Snow, kwa sababu mengi anayofanya mtaalamu wa usingizi leo yalianzia kwake.

Snow alizaliwa mwaka 1813 katika mji wa York, mtoto wa kwanza kati ya tisa wa familia ya kibarua. Akiwa na miaka 14 alipelekwa Newcastle kujifunza kazi kwa daktari wa upasuaji. Huko, kipindupindu kilipolipuka mwaka 1831, alihudumia wachimbaji wa makaa ya mawe. Mwaka 1836 alihamia London, na mwaka 1844 akapata shahada ya juu ya tiba. Kabla ya hapo, mwaka 1841, aliwasilisha mada mbele ya madaktari wenzake kuhusu watoto wanaozaliwa bila kupumua na namna ya kuwasaidia. Pumzi ilimshughulisha tangu mapema.

Oktoba 1846, mjini Boston nchini Marekani, mgonjwa alipasuliwa mbele ya madaktari akiwa amelazwa kwa mvuke wa etha. Habari zilifika London Desemba. Wengi waliikimbilia dawa hiyo, lakini matokeo yalikuwa ya kubahatisha: huyu hakulala, yule alilala kupita kiasi. Snow aliona kuwa tatizo lilikuwa kipimo. Alijua kuwa joto huongeza mvuke, hivyo akaunda kifaa kilichokaa ndani ya maji ya joto maalumu ili ajue mgonjwa anavuta kiasi gani. Mwaka 1847 alichapisha kitabu kilichogawa usingizi katika hatua tano, akionyesha jinsi pumzi, macho na misuli vinavyobadilika.

Mwaka huohuo klorofomu ilianza kutumika Edinburgh. Ilikuwa na nguvu zaidi, na ilitosha kudondosha matone kwenye leso. Januari 1848, msichana wa miaka 15 karibu na Newcastle alivutishwa klorofomu ili atolewe ukucha wa mguu, akafa ndani ya dakika chache. Snow alichunguza taarifa za kifo hicho na vingine vilivyofuata. Alihitimisha kwamba mvuke mzito ukivutwa ghafla husimamisha moyo, na kwamba leso haimwonyeshi daktari kiasi kinachoingia. Yeye alitoa klorofomu zaidi ya mara 4,000, akiandika kumbukumbu za wagonjwa wake daftarini.

Karibu na mwaka 1850 alifanya jaribio lingine. Alivuta mwenyewe mvuke wa dawa pamoja na oksijeni katika kifaa kilichofungwa. Pumzi aliyoitoa ilipita kwenye maji ya potashi kali yaliyonyonya hewa ya ukaa, kisha akaivuta tena. Mashine nyingi za usingizi za leo hutumia wazo hilohilo, ila potashi imepisha chokaa maalumu.

Aprili 1853 Snow aliitwa kumpa klorofomu Malkia Victoria alipojifungua mtoto wa nane, na tena mwaka 1857 kwa mtoto wa tisa. Ni malkia huyohuyo ambaye mpelelezi John Speke alilipa jina lake ziwa letu, baada ya kulifikia upande wa Mwanza mwaka 1858. Katikati ya kazi hizo, mwaka 1854, Snow alionyesha kuwa kipindupindu kilichoua zaidi ya watu 500 katika mtaa mmoja wa London kilitokana na maji ya pampu. Alifariki Juni 16, 1858, kwa kiharusi, akiwa na miaka 45. Kitabu chake kuhusu klorofomu kilichapishwa baada ya kifo chake.

Hewa ya ukaa aliyoishughulikia Snow ndiyo inayotumika katika upasuaji wa matundu madogo. Ili kuondoa kidole tumbo au mfuko wa nyongo, tumbo hujazwa hewa hiyo ili kamera ipate nafasi ya kuona. Huchaguliwa kwa sababu haiwaki moto, na inayoingia kwenye damu hutolewa haraka na mapafu. Lakini tumbo lililojaa husukuma juu kiwambo, msuli unaotenganisha kifua na tumbo, na mapafu hubanwa. Hewa ya ukaa huongezeka kwenye damu. Damu inayorudi kwenye moyo inaweza kupungua, na tumbo linapoanza kujazwa mapigo ya moyo yanaweza kushuka ghafla.

Kwa hiyo mgonjwa huwekewa mrija kwenye njia ya hewa, na mashine humpumulia. Mtaalamu wa usingizi hufuatilia oksijeni, presha, mapigo ya moyo na hewa ya ukaa inayotoka katika kila pumzi. Ikipanda, anaongeza pumzi. Mapigo yakishuka, anamwomba mpasuaji aache kujaza tumbo au aitoe hewa, na dawa hutolewa ikihitajika.

Hakuna usingizi wa upasuaji usio na hatari kabisa, lakini ukisimamiwa hivi, wagonjwa walio wengi sana huamka salama. Nawe mzazi una sehemu yako. Kanda ya Ziwa ina watoto wengi wenye selimundu, na baadhi yao hupata mawe kwenye mfuko wa nyongo. Kwao, upungufu wa oksijeni, baridi au ukosefu wa maji mwilini unaweza kuleta maumivu makali. Usifiche selimundu, pumu, ugonjwa wa moyo, kikohozi cha karibuni, wala dawa yoyote, hata ya mitishamba.

Fuata maelekezo ya kufunga. Kwa kawaida chakula huachwa saa 6 kabla, na uji ni chakula. Maziwa ya mama saa 4. Maji matupu saa 2. Usimwonee mtoto huruma ukampa uji kwa siri, kwani anaweza kutapika usingizini na matapishi yakaingia kwenye mapafu. Uliza nani atakaa naye muda wote, na kama kuna kipimo cha hewa ya ukaa.

Baada ya upasuaji, maumivu ya bega kwa siku moja au mbili ni ya kawaida, kutokana na hewa iliyobaki. Lakini akipata homa, akipumua kwa shida, akitapika mfululizo au tumbo likizidi kuvimba na kuuma, mrudishe hospitali siku hiyohiyo.