Carl Schlechter

Carl Schlechter (Vienna, Austria, 2 Machi 1874 – Budapest, Hungaria, 27 Desemba 1918) alikuwa mchezaji wa sataranji (chesi) kutoka Austria. Anakumbukwa kwa wingi wa sare zake, na hasa kwa shindano la mwaka 1910 ambamo alikaribia kumshinda bingwa wa dunia, Emanuel Lasker wa Ujerumani.

Maisha

Katika sataranji mchezo huweza kuisha kwa sare, kwa mfano wachezaji wote wawili wakikubaliana kuuacha. Kila mmoja hupata nusu pointi. Mwaka 1893 Schlechter alishindana na Georg Marco mjini Vienna, na michezo yote 10 ikawa sare. Mwaka 1911 shindano lake na Siegbert Tarrasch lilikwisha 8 kwa 8: kila mmoja alishinda mara 3, na michezo 10 ikawa sare.

Hata hivyo alijua pia kushinda. Alishika nafasi ya kwanza katika mashindano ya Ostend (1906) na Hamburg (1910). Vilevile alihariri toleo la 8 la kitabu kikubwa cha Kijerumani cha sataranji kilichoanzishwa na Bilguer.

Shindano na Lasker

Shindano la michezo 10 lilifanyika Vienna na Berlin kuanzia Januari hadi Februari 1910. Michezo 4 ya kwanza ilikuwa sare. Schlechter alishinda wa 5, kisha zikafuata sare nyingine 4. Kwa hiyo sare moja tu katika mchezo wa mwisho ingetosha kumpa ushindi wa pointi 5½ dhidi ya 4½.

Mchezo huo uliendelea kwa siku 3. Schlechter, aliyezoeleka kwa uangalifu wake, safari hii alishambulia. Alipata nafasi ya kushinda, baadaye nafasi ya sare, akazikosa zote mbili. Lasker alishinda, matokeo yakawa 5 kwa 5, naye akabaki na ubingwa. Wanahistoria wa mchezo huo bado wanabishana kama masharti ya shindano yalimtaka Schlechter ashinde kwa tofauti ya pointi 2, jambo ambalo lingeeleza kwa nini hakuridhika na sare.

Kifo

Mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza Schlechter alikuwa maskini, na njaa ilikuwa imemdhoofisha. Alifariki kwa nimonia mjini Budapest akiwa na umri wa miaka 44, akazikwa huko.