Cyprien Rugamba: Mtunzi aliyeuawa, nyimbo zikabaki

Asubuhi ya tarehe 7 Aprili 1994, saa chache baada ya ndege ya Rais Juvénal Habyarimana kudunguliwa, wanajeshi waliivamia nyumba ya mtunzi Cyprien Rugamba mjini Kigali. Yeye, mkewe Daphrose na watoto wao sita waliuawa.

Rugamba alizaliwa mwaka 1935 kusini mwa Rwanda. Aliacha masomo ya upadri, akasomea historia, kisha akaongoza taasisi ya taifa ya utafiti mjini Butare. Kundi lake, Amasimbi n'Amakombe, lilizipandisha jukwaani ngoma na nyimbo za jadi. Wakati vitambulisho vikitaja kabila la kila raia, yeye alitunga kwa Kinyarwanda, lugha moja ya Wahutu, Watutsi na Watwa.

Mwanawe Dorcy, ambaye siku hiyo hakuwepo nyumbani, alikuja kuwa mwandishi wa tamthilia. Mwaka 2024 alichapisha Hewa Rwanda, barua kwa jamaa zake waliouawa. Kanisa Katoliki nalo lilianza mwaka 2015 mchakato wa kumtangaza Rugamba na mkewe kuwa wenye heri.

Leo nyimbo zake huimbwa pia na vijana waliozaliwa baada ya kifo chake.