Edvard Munch: mchoraji aliyemlilia yaya yake zaidi ya miaka 40

Leo katika makala zetu za maisha ya watu waliojulikana tunaenda mbali, mpaka Norway, inchi ya baridi huko kaskazini mwa Ulaya.

Wengi wenu mumekwisha kuona picha yake hata bila kujua jina: mtu amesimama kwenye daraja, ameshika uso kwa mikono miwili, kinywa wazi, mbingu nyekundu nyuma yake. Edvard Munch njo aliichora, mwaka 1893. Lakini picha aliyoishi nayo muda mrefu zaidi ni nyingine. Ni ya yaya yake, Sophie.

Edvard alizaliwa tarehe 12 Desemba 1863. Walikuwa watoto watano, Sophie mkubwa, Edvard anamfuata. Baba yao alikuwa munganga wa jeshi. Familia ilikaa Kristiania, mji ambao leo unaitwa Oslo. Mwaka 1868 mama yao akafariki juu ya kifua kikuu, Edvard akiwa na miaka mitano tu. Mama mdogo Karen akaingia nyumbani, akawalea wote.

Mwaka 1877 ugonjwa ule ule ukamshika Sophie. Baba alikuwa munganga, lakini hakuwa na la kufanya. Wakati ule kidudu cha kifua kikuu kilikuwa hakijajulikana. Robert Koch alikitangaza mwaka 1882, na dawa ya kukiua kweli ilipatikana tu katika miaka ya 1940. Sophie alikufa na miaka 15. Edvard naye alikuwa amekwisha kukohoa damu. Yeye akapona, yaya akaenda.

Alianza masomo ya ufundi, akayaacha ili awe mchoraji. Mwaka 1885 akaanza picha aliyoiita baadaye Mtoto Mgonjwa. Siku moja, alipomsindikiza baba yake kwa mgonjwa, alikuwa ameona binti mdogo mwenye nywele nyekundu. Akamwomba akae mbele yake, mahali pa Sophie. Mama mdogo Karen akakaa kando. Katika picha msichana ameegemea mto mkubwa mweupe, mama ameinamisha kichwa na kumshika mkono. Hakuna anayesema kitu.

Kazi ile ilimchukua karibu mwaka mzima. Alipaka rangi, akakwangua, akapaka tena, mara nyingi sana. Alama za kukwangua zinaonekana mpaka leo. Mwaka 1886 alipoionyesha Kristiania, watu walicheka. Walisema si picha, ni kazi ambayo haijaisha.

Munch hakuiacha. Mwaka 1893 alichora picha nyingine ya kifo cha Sophie, ndugu wote wakiwa ndani ya chumba. Lakini angalia vizuri: ndugu hawa si watoto tena. Aliwachora na umri waliokuwa nao mwaka 1893, miaka 16 baada ya kifo. Wamekuwa watu wazima, na bado wamesimama ndani ya chumba kile. Sophie amekaa ndani ya kiti, hatumuoni uso.

Na ile picha ya Mtoto Mgonjwa aliichora kwa rangi mara sita kwa jumla, ya mwisho katika miaka ya 1920, yeye akiwa mzee wa zaidi ya miaka 60. Mwaka 1937 serikali ya Hitler iliondoa kazi zake 82 katika makumbusho ya Ujerumani, kwa kusema ni sanaa iliyooza. Mojawapo ya zile Mtoto Mgonjwa ilikuwa Dresden. Leo iko London.

Munch alifariki tarehe 23 Januari 1944, na miaka 80. Hakuoa. Kazi zake aliziachia mji wa Oslo, na pamoja nazo kikabaki kiti kile ambamo Sophie alikatia roho. Alikuwa amekitunza maisha yake yote.

Kwetu, matanga yakiisha, viti vinarudishwa kwa wenyewe na watu wanaanza kukuambia: sasa inatosha. Munch alichekwa na watu wa mji wake. Yeye alirudi kwenye rangi zake, na kila mara akamchora tena yaya yake akiwa na miaka 15. Kama nawe unamlilia ndugu na wengine wameshanyamaza, hauko peke yako.