Padre Aliyejifunza kwa Wakulima wa Mpunga

Wali ni chakula cha heshima katika nyumba zetu za Mbagala, Temeke na Kinondoni. Pasipo wali hakuna arusi wala sikukuu. Lakini mpunga, kama tuulimavyo kwa desturi, hutaka maji mengi, nasi twakumbuka mwaka 2022, mto Ruvu ulipopungua hata mji ukagawiwa maji kwa zamu. Yafaa basi tumkumbuke Padre Henri de Laulanié.

Alizaliwa Ufaransa mwaka 1920. Alisomea kilimo kabla ya kuingia Shirika la Yesu, na mwaka 1961 alipelekwa Madagaska, kisiwa ambacho wazee wetu wa pwani walikiita Bukini. Aliwakuta huko wakulima maskini, wasio na fedha za kununulia mbolea ya viwandani. Hakuitumia elimu yake kuwadharau. Alikwenda kwenye majaruba yao, akatazama. Aliwaona baadhi yao wakipandikiza mche mmoja mmoja badala ya vishada, na wengine wakiacha shamba bila kulifurikisha siku zote. Akayachukua hayo na kuyajaribu.

Msimu wa mwaka 1983, katika shule ya vijana wakulima aliyoianzisha Antsirabe, miche ilihamishwa kitaluni ikiwa na siku 15 tu. Mwanzoni ilisikitisha kuitazama; baadaye ikatoa machipukizi mengi kupita matazamio. Mwingine angaliita bahati, akaiacha ipite. Yeye aliirudia kazi ile msimu baada ya msimu, hata ikawa kanuni: mche uwe mchanga, upandwe peke yake, kwa nafasi ya sentimita 25 kila upande, udongo uwe na unyevu, usizamishwe, palizi iwe ya mapema, na mboji itiwe. Mizizi ipatapo hewa, hushuka chini na kupata nguvu.

Mwaka 1990 yeye na rafiki zake Wamalagasi waliunda chama cha Tefy Saina ili kuwafundisha wakulima. Alifariki mwaka 1995, kabla njia yake haijaenea ulimwenguni. Wataalamu wengine wameyabishia mavuno makubwa yaliyotajwa. Lakini kwamba maji huokolewa, hilo limeonekana mahali pengi. Kwetu njia hiyo yaitwa kilimo shadidi, nayo imejaribiwa Mkindo, mkoani Morogoro, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine pamoja na wakulima.

Tusijidanganye kuwa ni kazi nyepesi. Pasipo maji ya kuyazamisha, magugu huota upesi, na wanaoinama kuyang'oa mara nyingi ni akina mama. Aletaye kanuni bila kifaa cha kupalilia huwaongezea mzigo.

Sisi wa mjini tusidhani hayo hayatuhusu. Maji ya Ruvu yaanzia milima ya Uluguru, katika mkoa ule ule utupatiao mchele. Mkulima aokoaye maji atufaa sisi pia. Basi, tumlipapo bei ya mchele, tusimpunje. Padre huyu alimheshimu mkulima kwanza, ndipo akapata la kumfundisha.