Kakai Kilonzo: Gitaa la Kilimambogo lililovuka mipaka ya Ukambani

Mto Athi hupita kando ya mlima wa Kilimambogo, karibu na Thika, kisha huteremka kusini-mashariki hadi kuwa mpaka baina ya Kitui na Makueni. Huko Kilimambogo ndiko alikozaliwa Kakai Kilonzo mwaka 1954, na huko chini, pande zote mbili za mto, ndiko walikokuwa wengi wa wale waliomwelewa kwanza. Makueni haikuwa wilaya bado. Ilikuwa sehemu ya Machakos, nayo ilitengwa mwaka 1992, miaka mitano baada ya mwanamuziki huyo kuaga dunia.

Gitaa alilolishika lilikuwa na safari ndefu nyuma yake. Kuanzia mwaka 1933, kampuni ya EMI ya Uingereza ilileta Afrika santuri zilizojulikana kwa herufi GV, nyingi zikiwa za Kuba na zimeimbwa kwa Kihispania. Mmojawapo wa nyimbo hizo ni El Manisero, wimbo wa mchuuzi wa njugu uliorekodiwa na bendi ya Don Azpiazu mwaka 1930. Wasikilizaji wa Kongo na Afrika Mashariki hawakufahamu maneno yake, lakini walicheza. Wakongo waliuhamishia mdundo huo kwenye nyuzi za gitaa, na magwiji wao kama Mwenda Jean Bosco wakaufikisha Nairobi katika miaka ya 1950. Muongo uliofuata, vijana wa Nyanza wakabuni benga.

Wakamba, ambao sifa zao katika ngoma na mirukaruko zilikuwa zimeenea tangu zamani, hawakukawia kuipokea benga hiyo na kuipa lafudhi yao: gitaa la mkatomkato, besi inayotembea bila kuchoka, na mwendo unaoongezeka kasi upande wa pili wa santuri. Kakai aliunda bendi yake katikati ya miaka ya 1970 na kuiita Les Kilimambogo Brothers Band. Hilo neno la Kifaransa mbele ya jina la mlima wa Ukambani ni ushahidi wa jinsi heshima ya Wakongo ilivyokuwa kubwa siku hizo.

Ushindani haukuwa mdogo. Peter Mwambi alikuwa na Kyanganga Boys, nao Kalambya Boys wakishirikiana na Kalambya Sisters waliiteka nchi kwa kibao cha Katelina. Kwa Kikamba pekee, mwanamuziki angeweza kuuza santuri zake Machakos na Kitui na kwa Wakamba waliokwenda Nairobi na Mombasa kutafuta riziki. Nje ya hapo soko lilifungwa. Sauti ya Kenya ilitangaza kwa Kikamba kwa saa chache tu, ilhali idhaa ya Kiswahili ilisikika kote nchini.

Kakai alichagua kuimba kwa Kiswahili pia. Haukuwa uamuzi mwepesi, kwani mwimbaji anayeiacha lugha ya nyumbani huweza kuonekana amewapa kisogo walewale waliomlea. Yeye hakuiacha. Alirekodi kwa lugha zote mbili, na gitaa likabaki lilelile, kiasi kwamba msikilizaji wa Kitui aliitambua bendi kabla mdomo haujafunguliwa. Santuri za Kuba zilipita bila kueleweka maneno. Kakai alitaka maneno yaeleweke, kwa kuwa nyimbo zake zilizungumzia maisha ya watu wa kawaida na shida zao. Mama Sofi ni mojawapo ya zile zilizomfikisha kwa wasikilizaji wasiojua hata salamu ya Kikamba. Kwa hatua hiyo bendi ya mashambani ikawa ya taifa, na kampuni ya Shava Musik ikatoa kazi zake Ujerumani.

Alifariki mwaka 1987, akiwa na umri wa miaka 33 hivi. Baadhi ya wenzake waliendelea kwa jina la Original Kilimambogo Stars, lakini nafasi yake haikupata wa kuijaza. Siku hizi redio za Kikamba, Musyi FM ikiwamo, hutangaza kutwa kucha, na mwanamuziki wa Kitui au Makueni anaweza kupata jina bila kuimba neno la Kiswahili. Wengi hufanya hivyo, na majina yao ni nadra kusikika ng'ambo ya pili ya Kilimambogo.