Edward Bullard: Aliyepima Mvutano wa Bonde la Ufa

Mizani ya mawe na mizani ya springi hazipimi kitu kimoja. Ya mawe hulinganisha tungamo, yaani kiasi cha maada, na hicho hakibadiliki popote uendapo. Ya springi hupima uzito, yaani nguvu ambayo dunia inauvuta mzigo, nayo hutofautiana mahali na mahali. Gunia la kilo 50 lililopimwa kwa springi Uingereza, likiletwa hapa Chumbageni na springi ileile, litaonekana limepungua gramu 160 hivi, kwa sababu tuko karibu na Ikweta. Tofauti ndogo za namna hiyo ndizo zilizomleta Edward Bullard Afrika Mashariki.

Alizaliwa Norwich, Uingereza, mwaka 1907, akasoma fizikia Cambridge. Kati ya mwaka 1933 na 1934 alizunguka huku kwetu akiwa na pendulamu, yaani kitu kizito kinachobembea. Mvutano ukipungua, pendulamu hubembea polepole zaidi. Kwa kupima muda wa mibembeo hiyo, Bullard aliweza kujua nguvu ya mvutano katika kila kituo.

Aligundua kwamba katika Bonde la Ufa mvutano ni pungufu kuliko hesabu zilivyotarajia, dalili kwamba chini yake kuna miamba myepesi. Mwaka 1936 alichapisha vipimo hivyo pamoja na maelezo yake: bonde limebanwa kutoka pande mbili na kushikiliwa chini.

Vipimo vikadumu, maelezo yakaanguka. Leo inajulikana kwamba bonde halibanwi bali linapanuka, kingo zake zikiachana taratibu. Bullard mwenyewe, mwaka 1965, pamoja na wenzake wawili, alionyesha kwa kompyuta jinsi Afrika na Amerika Kusini zinavyooana chini ya bahari, kazi iliyowasaidia wengi kukubali kwamba mabara husogea. Alifariki Marekani mwaka 1980.

Sisi tunaosoma falsafa tuna la kujifunza hapa. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, akizungumzia nyota, alikwisha kuonya kwamba maelezo kulingana na yanayoonekana hakuthibitishi kuwa ni ya kweli, kwani huenda yakapatikana mengine yanayolingana nayo vilevile. Tupime kwa uaminifu, tueleze kwa unyenyekevu, na ukweli ukijitokeza upande mwingine tuufuate.